Ufunguo wa Pili

Chome, Ijumaa alasiri

Mwanangu Nakiete,

Wewe na mama yako mmekwenda Mhezi kumuaga bibi, na ninavyomjua mama yangu hatawaachia mapema. Atawapikia makande, mkishiba atawafungia mengine ya njiani, halafu atakumbuka kwamba hajakuombea na mtakaa chini tena. Kwa hiyo nina saa mbili tatu za kuwa peke yangu. Ukungu umeshuka toka mlima Shengena mpaka hapa mlangoni, hata banda la mbuzi silioni. Randa nimeiweka chini, nimepangusa vumbi la mbao kwenye benchi, na hizi karatasi nimezichana kwenye daftari langu la vipimo, kwa hiyo ukiona pembeni pameandikwa "futi sita kwa mbili na nusu" usishangae, hayo si yako.

Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha na za joto la Jipe, huko unakokwenda kuanza kazi, sitakuandikia. Wewe ndiye muuguzi, mimi ni fundi seremala. Isitoshe mama yako ameshakupa maagizo ya kutosha wiki nzima, mpaka namna ya kukunja mashuka, kana kwamba chuoni ulikuwa unalala kwenye majani. Mimi nina neno moja tu, na neno hilo linatokana na ushuhuda ulioutoa Jumapili.

Ulisimama mbele ya usharika mzima, ukiwa na lile gauni la bluu, ukasema: "Mimi nilizaliwa njiani, mama akiwa anapelekwa hospitali, na baba alikuwa Same kwenye kazi ya Mungu siku hiyo. Mungu aliyenitunza njiani ndiye aliyenifanya niwe mkunga." Watu wakapiga makofi. Mchungaji akanigeukia akatabasamu. Mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega akasema, "Hongera, mzee, umelea." Nami nikainama nikijifanya natafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo.

Nakiete, ushuhuda wako una tundu, na aliyelitoboa ni mimi. Miaka yote hii nimekusimulia habari ya kuzaliwa kwako nikiruka kipande kimoja. Sasa umekichukua hicho nilichokupa ukajengea maisha yako juu yake, na kesho unaondoka nacho. Siwezi kukuacha uondoke hivyo. Naogopa utakavyonitazama ukishamaliza kusoma. Lakini ningeogopa zaidi ukisimama mbele ya watu wa Jipe na kusema tena kwamba baba yako alikuwa kwenye kazi ya Mungu.

Sikiliza basi.

Unajua kwetu kubeba mgonjwa ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kama kuchimba mfereji. Kengele ikigongwa saa isiyo yake, kila nyumba inatoa mtu, hakuna kuulizana ni mgonjwa wa nani wala anasali wapi. Nilianza kubeba nikiwa na miaka kumi na saba. Warefu mbele tukishuka, wafupi nyuma, ili mgonjwa alale sawa, tukipanda tunabadilishana. Hatumweki chini. Anayechoka anasema "bega," na mwingine anaingia chini ya mti akiwa anatembea. Machela yenyewe ilikuwa magunia mawili yaliyopitishwa miti miwili ya mkaratusi, inakaa kibarazani pale dukani, mvua yake, jua lake, na ilinuka kila kitu. Hakuna aliyeitunza, na hakuna siku ilipokosekana.

Halafu nikachaguliwa mzee wa kanisa, na baada ya mwaka nikawa mwenyekiti wa kamati ya diakonia, ile ya kuhudumia wagonjwa na wenye shida. Nilikuwa sijafika hata miaka thelathini na mbili. Nilifurahi mno, wala sikuificha furaha yangu. Nilinunua kalamu ya rangi mbili. Nikafungua daftari la wagonjwa, la wajane, la ziara. Tulikuwa tukimtembelea mgonjwa, wenzangu wanakaa wanaongea naye, mimi natazama saa ili niandike tumeingia lini na kutoka lini.

Mwaka huohuo wageni wa usharika rafiki toka ng'ambo wakatuletea machela mpya. Ungeiona wakati ule. Turubai la kijani, mikono ya chuma, mikanda ya kumfunga mgonjwa asiteleze, inakunjwa kama mwavuli. Niliipokea mbele ya madhabahu kwa mikono miwili. Nikaona ile ya magunia sasa ni aibu, nikaichukua dukani, magunia nikatupa, na ile miti ya mkaratusi nikajengea banda la mbuzi. Ndilo hilihili banda. Miti miwili ya mlangoni, iliyolainika katikati, imelainishwa na mabega ya watu.

Mwezi wa kwanza tu machela mpya ikarudi ina utomvu wa migomba. Mwezi wa pili ikarudi ina damu, tena kuna mtu alikuwa ameitumia kubebea maharage toka shambani. Nilichukia kweli. Nikaisugua kwa sabuni, nikaiweka kwenye stoo ya kanisa, nikanunua kufuli, nikabandika tangazo mlangoni: "Machela itatolewa kwa kibali cha mwenyekiti wa kamati." Mwandiko wangu unaujua, lilikuwa tangazo zuri. Na ule mlango wa stoo ni kazi ya mikono yangu, mbao ngumu za inchi mbili, bawaba kwa ndani, pete ya kufuli nimeipitishia boliti. Mwizi angechoka akaenda kulala.

Funguo zilikuwa mbili. Mmoja nilikaa nao mimi, wa pili alikaa nao Mwinjilisti Zakayo, ili mimi nikiwa safarini watu wasikwame. Mwinjilisti Zakayo wewe humkumbuki, alihama ukiwa unatambaa. Mfupi, mcheshi, sauti nene isiyolingana na mwili, na msahaulifu ajabu. Miwani aliiacha kwenye mimbari kila Jumapili, sisi wazee tukawa tunaipokezana kumrudishia. Sasa huyu Zakayo mtu akimwambia "naomba machela," yeye anafungua. Haulizi kibali. Nilimsema mara mbili. Mara ya tatu nikaona nisimseme. Nilipita kwake Jumatano moja, sikumkuta, ufunguo nikauona kwenye msumari nyuma ya mlango, nikauchukua. Nikasema moyoni nitamwambia. Sikumwambia. Nikaufunga pamoja na wangu kwenye kamba moja, nikatia mfukoni mwa koti.

Ijumaa yake niliteremka Same kwenye mkutano wa kamati zote za diakonia. Mama yako alikuwa na tumbo la mimba yako, lakini tulihesabu bado wiki tatu. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia, "Nenda, baba, nipo salama." Kule mkutanoni nilipewa nafasi ya kueleza usharika wetu unavyowahudumia wagonjwa. Nilieleza vizuri. Nakumbuka nilikuwa na mkono mmoja mfukoni, nachezea funguo zile mbili huku nasema, na wenzangu wanaandika.

Saa hiyohiyo huku juu kengele ilikuwa inagongwa kwa ajili ya mama yako.

Haya mengine niliambiwa na waliokuwepo. Watu walikuja, tena wengi, wakakimbilia stoo. Wakakuta kufuli. Wakasema mwenyekiti yupo Same, sawa, ufunguo wa pili uko kwa mwinjilisti. Zakayo akaenda mbio kwenye msumari wake, hakuna. Akapekua meza, akapindua masanduku, akakung'uta makoti, akamwaga mpaka kapu la mahindi. Vijana wawili wakaupiga mabega mlango wangu, haukutikisika. Wakatafuta ile ya magunia dukani, mtu akawakumbusha ilikwisha kuwa banda la mbuzi. Mwisho wakaja hapa nyumbani, wakang'oa mlango wa jiko, wakatandika blanketi, wakamlaza mama yako juu yake.

Mlango si machela, Nakiete. Una upana. Pale kwenye kona ya mwamba, ambapo njia inabanwa kati ya jiwe na korongo, haukupita. Wakijaribu kuulaza upande, mama yako anateleza. Wakarudi nyuma hatua chache, wakaingia ua wa nyumba iliyokuwa karibu, na nyumba hiyo ilikuwa ya Bibi Yunisi.

Yeye unamwita Bibi wa Njiani, unampenda, na kila likizo unampelekea sabuni. Lisilosemwa mbele yako ni kwamba siku ile alikuwa ametengwa na Meza ya Bwana kwa ajili ya kupika pombe ya dengelua, na siku baraza la wazee lilipoamua, mkono wangu ulikuwa juu kabla ya mikono ya wengine. Alikuwa na sufuria kubwa la maji jikoni, anataka kuoshea vyombo vya pombe yake. Maji hayo ndiyo yaliyokuosha. Alimzalisha mama yako pale uani, watu wamegeuka kutazama korongo. Ulitoka kimya, kitovu kimekuzunguka shingoni. Akakizungusha kwa vidole, akakusafisha mdomo, akakusugua mgongo kwa kanga yake mpaka ukalia. Mama yako akatoka damu nyingi sana. Zakayo akang'oa miti kwenye ua wa Bibi Yunisi, wakapitisha magunia, kama ile ya zamani, wakafika hospitali jua linazama. Zakayo alibeba njia yote, na kwa ule ufupi wake alikuwa anabeba kwa kichwa. Mama yako akalala huko wiki tatu, na mwaka mzima uliofuata hakuweza kushika jembe.

Mimi nilirudi kesho yake, nikapita moja kwa moja hospitali. Nikakubeba. Mama yako akaniambia, "Zakayo amepoteza ufunguo." Nilikuwa na koti lilelile. Nilisikia uzito wa funguo kwenye paja langu nikiwa nimekushika. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kusema, na ningesema pale yangekwisha. Nikasema, "Tumshukuru Mungu mko hai."

Jumamosi iliyofuata wazee wakakaa, na mwenyekiti wa kikao ni mimi. Zakayo akasimama bila kuitwa. Akasema, "Wazee wangu, nisameheni. Niliuweka kwenye msumari, naapa niliuweka, lakini mnanijua nilivyo. Nimekaribia kuua mama na mtoto." Alilia, mtu mzima. Na mimi, Nakiete, nikasema, "Tumsamehe ndugu yetu." Nikaongoza sala ya kumsamehe. Wazee wote wakasema amina.

Mwaka uliofuata aliomba uhamisho akateremka tambarare. Niliandika barua ya kumshukuru kwa utumishi wake, kwa kalamu ile ya rangi mbili.

Kufuli nililitoa wiki ileile uliyozaliwa, hilo nalisema kwa kuwa ni kweli, si kwa kujitetea. Nikapiga misumari miwili ya mbao chini ya paa la stoo, kwa nje, nikaitundika machela hapo, na ipo hapo mpaka leo, unaiona. Inabebea wagonjwa mvua ikikata barabara, na kuna watu wanabebea ndizi, naona, nanyamaza. Kila Jumamosi naenda kuiosha. Watu wanasema mzee ana moyo wa huduma. Wewe mwenyewe ulikuwa unakuja kunimwagia maji, unakumbuka, na siku moja ukiwa darasa la nne ukaniuliza kwa nini naosha na mimi siyo niliyechafua. Nikakujibu maneno mazuri ambayo siyakumbuki. Jibu la kweli lilikuwa kwenye kopo la misumari, chini ya benchi hili ninaloandikia. Ufunguo wa pili ulikaa humo tangu siku ile mpaka Jumapili iliyopita.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini sikusema. Mwanzoni nilimwogopa mama yako. Baadaye niliogopa kamati. Baada ya miaka kumi niliogopa kwamba wataniuliza mbona hukusema miaka kumi, na kila mwaka ukaongeza uzito wake. Katikati ya hayo yote nimehudumia watu, mwanangu, sikukaa bure. Nimechonga majeneza ya wasio na ndugu, nimeezekea wajane. Lakini kuna tofauti, nami naijua mwilini: kazi niliyofanya kwa kupenda ilinichosha nikalala, na kazi niliyofanya kwa kufunika ilinichosha nikakaa macho.

Jumapili baada ya ibada ulipobaki na kwaya, nilimwambia mama yako. Tulikuwa hapa karakana. Nilimwaga kopo lote la misumari mezani, nikautoa, nikauweka mbele yake. Nikasema yote. Aliutazama ufunguo, akanitazama, akafunga kanga yake upya kiunoni, akatoka. Hakusema neno Jumapili, hakusema Jumatatu. Wewe uliniuliza, "Baba, mama ana nini?" nikakwambia safari yako inamwuma. Nisamehe na hilo. Jumanne asubuhi nikakaa mezani kama kawaida, hakuna kikombe. Nikasubiri. Akaja akasimama mlangoni.

"Chai ipo," akasema. "Mpigie Mwinjilisti Zakayo kwanza."

"Namba yake sina."

"Mimi ninayo. Namsalimia kila Krismasi." Akaniwekea simu mezani. "Alinibeba kwa kichwa, Baba Nakiete."

Siku hizi Zakayo ni mstaafu, anaishi upande wa Makanya na mkewe, analima kidogo, anafuga kuku. Aliipokea simu kwa sauti ileile nene. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni fulani wa Chome, akaanza kufurahi na kuuliza habari za watu. Nikamkatiza. Nilijua nikimwacha afurahi nitashindwa. Nikasema, "Mwinjilisti, ule ufunguo hukuupoteza. Niliuchukua mimi kwenye msumari wako Jumatano, wewe ukiwa hupo. Ulikuwa mfukoni mwangu."

Nikasikia kuku wakilia upande wake, na kiti kikisogezwa.

"Kwa hiyo sikuusahau?" akasema.

"Hukuusahau."

"Niliutundika?"

"Uliutundika, mwinjilisti. Ulikuwa pale pale."

Nikamsikia anaita, amesogeza simu mbali: "Mama, hebu njoo. Njoo usikie. Ule ufunguo wa Chome sikuupoteza mimi." Na sauti ya mkewe toka mbali, ya mtu aliye kazini, "Mimi si nilikwambia?"

Ndipo nikalia, Nakiete. Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniwekea mkono hapa begani, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Zakayo akarudi kwenye simu. Akaniambia tangu mwaka ule funguo zake zote anazivaa shingoni kwa kamba, hata wa banda la kuku, na wajukuu wanamcheka. Akasema, "Nimekasirika. Usikate simu, nimekasirika kweli. Lakini nimefurahi kuliko nilivyokasirika, sasa sijui nianze na lipi." Nikamwambia aanze na hasira. Akanisema kama dakika tano, na sikumjibu kitu, alisema haki. Kisha akauliza, "Yule mtoto yukoje?" Nikamwambia Jumamosi anakwenda Jipe kuwa mkunga. Akasema, "Basi hiyo Jumamosi nitakuwa stendi ya Same. Nataka nimwone."

Kwa hiyo kesho, basi likifika Same, utamkuta mzee mfupi mwenye funguo shingoni. Mwamkie vizuri. Usipomtambua, msikilize anavyoongea.

Baada ya simu ile nikanywa chai. Mwanangu, chai ya tangawizi nimekunywa maisha yangu yote, ila sijui niseme nini juu ya ile ya Jumanne. Nilimaliza vikombe vitatu na mihogo yote. Nilikuwa mwepesi mpaka nikaogopa, nikadhani ni ugonjwa.

Jumatano nikaenda kwa Bibi Yunisi. Unajua alivyo sasa, macho hafifu, masikio anayatumia anapotaka. Nikamweleza habari ya ufunguo, nikamweleza na mkono wangu barazani, kwamba nilikuwa wa kwanza kuunyoosha, na kwamba hata baada ya kukuokoa niliacha miaka sita ipite, mpaka mchungaji mwingine akaja akamrudisha mezani. Nilipiga magoti, goti langu hili bovu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ndiyo yaliyokuleta?" akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Mimi nilidhani umekuja kwa ajili ya mlango wa jiko langu. Uliahidi tangu mwaka juzi. Mbuzi wanaingia."

Akanishika kichwa, akasema, "Nyanyuka, nimekusamehe zamani, hata kabla sijajua ni nini. Ulikuwa unapita hapa hunitazami usoni, nikajua una jambo." Halafu akarudia habari ya mlango. Jana nimeshinda kwake. Nimemtengenezea mlango wa mbao nyepesi, kitasa cha mti, mtoto anaweza kuufungua. Nilipomaliza akanipa uji, nikanywa uani pale pale ulipozaliwa. Naliita hilo Meza ya Bwana, na mchungaji akipenda aniulize.

Jumapili hii nitasimama kanisani niyaseme haya yote. Wewe hutakuwepo, ndiyo maana nakutangulizia. Watanitoa kwenye uzee wa kanisa au wataniacha, vyovyote sawa. Mama yako amesema atakaa benchi la mbele ili nisibadilishe maneno.

Sasa wewe. Nilitaka kukuambia mengi juu ya utumishi, nikaona mengi ni ya ile kalamu ya rangi mbili. Nitakuambia machache ninayoyajua kwa maumivu. Kitu chochote utakachopewa kwa ajili ya wagonjwa kitachafuka, na kisipochafuka ujue hakijafanya kazi. Utakuta mtu kule ambaye kanisa au kijiji kimemweka pembeni. Mheshimu kabla hujamhitaji, maana siku ya kumhitaji utakuwa na aibu. Na ukikosea, maana utakosea, mkunga asiyekosea sijamsikia, sema siku ileile ungali unatetemeka. Siku ya pili maneno yanakuwa magumu, na siku ya tatu kuna mtu mwingine ameshabeba kosa lako.

Wakikupokea watakukabidhi funguo, za kabati la dawa na za chumba cha kuzalia. Utafurahi, nami ningependa ufurahi. Uliza kwanza ni nani aliye na za pili. Na huyo wa pili, hata akiwa msahaulifu, hata akiwa anatoa dawa bila kujaza fomu, mwachie funguo zake. Mgombeze, lakini mwachie.

Ushuhuda ni wako. Useme au usiseme, utakavyoona. Ukiusema, usinifiche ndani yake. Mungu alikutunza njiani, hilo ni kweli tupu, halijapungua hata kidogo. Ni mimi tu ambaye sikuwa upande wake siku ile. Alikuwa upande wa mlango wa jiko, na wa mwanamke aliyetengwa, na wa mwanamume mfupi anayebeba kwa kichwa. Mimi alinifikia baadaye, Jumanne hii, na sijui nimshukuruje.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya mashuka yako, uikute Jipe. Asubuhi nikamwambia mama yako. Akasema, "Huo ni ufunguo mwingine mfukoni." Kwa hiyo nitakupa mkononi mkirudi, kabla hujavua viatu, kisha nitaondoka uisome bila mimi kukutazama.

Ukimaliza, hulazimiki kusema kitu. Nitakuwa karakana. Kuna ubao mrefu wa meza ya mchungaji nimeukwamia tangu asubuhi, unahitaji mtu wa kushika upande wa pili.

Ni mimi,
Baba yako